Gari la Ng'ombe Mpakani Taveta

Siku zile za Mdachi, kabla ya vita, niliendesha gari la ng'ombe la mfanyabiashara mmoja wa Dodoma mjini. Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Taveta, ng'ambo ya mpaka, kwa Mwingereza. Tulibeba ngozi na samli, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimemwoa majuzi tu kutoka Mvumi, akakataa katakata kubaki nyuma.

Bomani nilipewa cheti chenye muhuri wa tai, kwamba mimi ni mwendeshaji halali na ng'ombe wale si wa wizi. Tulipita Busi, tukapita Arusha, mke wangu akiimba juu ya ngozi. Nilijiona mtu mkubwa.

Mpakani tulimkuta askari mzee. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakigeuza cheti juu chini.

"Hiki cha Mdachi. Hapa hakifai mpaka Bwana agonge muhuri wake, naye yuko porini anawinda."

"Atarudi lini, mzee wangu?"

"Akichoka."

Tukafungua nira, tukakaa. Mke wangu akasonga ugali wa uwele na kupika mlenda mkavu aliotoka nao nyumbani. Askari akasogea taratibu.

"Binti, huo si mlenda?"

Kumbe alikuwa Mgogo mwenzetu. Aliondoka kwao ujanani na msafara wa pembe, hakurudi tena. Alikula, kisha akauliza habari za mvua kwa Kigogo, maneno mengine yakimpotea. Tangu hapo kila jioni alikuwa mgeni wetu.

Bwana aliporudi, alikitazama cheti, akatikisa kichwa. Kijerumani hakukijua.

"Mwache aendeshe, Bwana, uone mwenyewe," mzee akasema.

Nikawafunga ng'ombe, nikapiga mluzi, nikalivusha gari kwenye korongo la mchanga bila kudondosha hata ngozi moja. Bwana akacheka, akagonga muhuri. Mzee akatusindikiza hadi sokoni, akimwambia kila tuliyekutana naye kwamba sisi ni wanawe.

Tuliagana tukiahidiana kuonana mwaka wa pili. Vita vikaingia, mpaka ukafungwa, jeshi likachukua gari na ng'ombe wote. Habari za yule mzee sikuzipata tena.

Baadaye niliajiriwa relini. Ilikuwa kazi nzuri, lakini kwenye treni mke wangu hakuruhusiwa kukaa ubavuni pangu akiimba.