Kasha la Nguo la Mama Béatrice

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumba cha kuzalishia pamoja na Béatrice. Tulimaliza shule ya ukunga mwaka mmoja, mimi wa kwanza, yeye katikati ya darasa. Mganga mkuu alitukabidhi kila mmoja fetoskopu, kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Jioni ile, mama aliyezalishwa na Béatrice alimpa mtoto jina lake, awe ndoyi wake, kama tunavyomshukuru mkunga kwetu Kisangani. Yule niliyemzalisha mimi aliniambia asante tu.

Nilitumwa Yanonge, kisha nikarudishwa mjini kuwa mkuu wa chumba cha kuzalishia. Béatrice alipelekwa ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenye kituo chenye vitanda vichache. Nilifurahi, nikajua nimempita.

Muuguzi msimamizi wetu, tuliyemwita titulaire, alikuwa na sheria yake: mwanamke aje na beseni, vitenge na layette, yaani nguo za kumpokelea mtoto.

"Mutoto akipata baridi anakufa, alors ni sisi watatuuliza," alisema.

Kuhusu baridi alisema kweli. Lakini vita vilikuwa vimeingia, na walioporwa nyumba wangezitoa wapi nguo hizo? Namkumbuka mmoja aliyefika mlangoni uchungu umeshaanza.

"Siko na layette, mama."

"Utamuvalisha nini sasa?" nikamuuliza.

"Bon, naenda kwa Mama Béa. Kule hawaulizake bilamba, hata nguo moja."

Akateremka kwenye mitumbwi, akavuka mto na uchungu wake.

Béatrice alikuwa na kasha la bati lenye nguo za utotoni za wanawe. Mtoto aliondoka amevaa, na kitovu kikishaanguka mama alizirudisha zimefuliwa. Basi, hakuwa na ufundi mwingine kunizidi. Wanawake maskini ambao wangejifungulia jikoni walimiminika kwake, na Lubunga ikajaa akina Béatrice wadogo. Nilimwonea wivu. Partogramu zangu, zile karatasi za kufuatilia uchungu unavyoendelea, zilikuwa safi kuliko zake, na nani alizitazama?

Binti yangu Joséphine aliolewa hukohuko Lubunga na mfanyakazi wa reli ya Ubundu. Alipopata mimba nilimshonea layette nzima, nikaiweka sandukuni kwangu, nikimngoja avuke ajifungulie mikononi mwangu. Mapigano yakaanza, mto ukafungwa. Sanduku likabaki kwangu, naye akabaki ng'ambo mikono mitupu.

Mitumbwi iliporuhusiwa tena, nilivuka na sanduku kichwani. Nilimkuta Joséphine kituoni, amedhoofika lakini mzima. Alikuwa ametoka damu nyingi baada ya kuzaa, Béatrice akaizuia. Mjukuu wangu alikuwa amevaa kisweta cha manjano kilichopauka, cha kutoka kwenye kasha lile.

"Karibu, dada," Béatrice alisema. "Njoo uone ndoyi yangu."

Nililia, nao wakadhani ni furaha tupu. Kisha akaniomba layette yangu aiongeze kwenye kasha lake. Ningemnyimaje? Nikampa yote.

Sasa nimestaafu. Wakunga vijana wakinitembelea nawaambia mwanamke aingie kwanza, nguo zitatafutwa baadaye. Siwaambii nilijifunza kwa nani. Joséphine na mwanawe wanaishi kwangu, na kila asubuhi chai ikiwa tayari, sina budi kusimama mlangoni pangu mwenyewe na kumwita mjukuu wangu: "Béatrice."