Propela Yangu Mpya Ilivyonirudisha Dunga

Nichekeni tu. Juzi nilinunua propela ya injini ya boti yangu, inang'aa kama kioo! Muuzaji akaniuliza, "Unataka ya kuzungukia kulia ama kushoto?"

"Bwana, bora izunguke!" nikamjibu, nikachagua iliyong'aa zaidi.

Nikaifunga mwenyewe, nikaita ufuo wote wa Dunga uje uone mbio. Nikawasha injini, nikawapungia watu mkono kama gavana, nikaielekeza boti ziwani, nikatia gia ya mbele na kufungulia mafuta yote. Boti ikachomoka kinyumenyume! Ikagonga mchanga wa ufuo, maji yakarukia omena, dagaa wakavu ambao muuza samaki Mama Akinyi alikuwa amewaanika. Kumbe nilichukua ya kushoto, na injini yangu ni ya kulia.

Mama Akinyi akashika kiuno. "Kapteni, umerudi mapema. Umesahau nini?"