Mkono Aliolalia Ami

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya uto yaliyopashwa moto na kitunguu thomu, mwili hunisisimka. Msinicheke. Wenzangu huwakumbusha mafua tu. Mimi hunikumbusha mkono wa kushoto wa Shangazi Zuhura, na aliyekuwa amelala juu yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana wa miaka minane, nikilelewa na shangazi nyumbani kwake Mji wa Kale. Mumewe, Ami Twahir, alifariki mchana, katika usingizi wa baada ya chakula, kichwa kikiwa juu ya mkono wa mkewe. Shangazi hakutaka kumwamsha. Alikaa vivyo hivyo, mkono umekufa ganzi, mpaka adhana ya alasiri.

Basi akaingia eda, akawa kizuka, ndivyo tumwitavyo mjane aliye edani, na jina hilo peke yake lilitosha kunitia hofu. Mkono ule haukukunjuka tena. Ulibaki umepinda kifuani, kama wa mtu aliyepakata mtoto mchanga. Jamaa zetu walidhani kizuka hafai hata kujisogeza, wakawa wanamletea kila kitu pale pale mkekani. Nikitoka chuoni, kusoma Kurani, nilikaa naye, na niliyoyaona sikumwambia mtu. Alikuwa akifukuza nzi kwenye kiwiko kitupu. Nikicheka kwa sauti, hunambia kwa upole, "Taratibu, ami yako kalala." Wallahi, nilianza kupita ukutani ukutani, nisije nikamkanyaga miguu.

Wanawake walimwomba auinue mkono, mmoja baada ya mwengine. "Zuhura, mwache marehemu apumzike." Yeye aligeuza uso tu. Kufika mwezi wa pili hakuweza kujifunga leso wala kujichana nywele.

Ndipo akaletwa Bi Rukia, mkandaji wa Bondeni, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, asiyependa porojo. Alifumba macho, vidole vikitembea polepole begani mwa shangazi.

"Hapa pameshikana," akasema. "Nyama ina utando wake, na utando wataka kutembezwa kila siku. Ukiutuliza hugandana kama uji uliopoa. Tukichelewa zaidi ya hapa, hata mimi sitaufungua."

"Utamwamsha," shangazi akajibu.

Nilidhani atakemewa. Bi Rukia akapiga magoti, akapenyeza mkono wake chini ya kile kiwiko.

"Basi nipe mimi nimshike."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Kisha akauinamisha mkono wake, kidogo kidogo, na kwa macho yangu nikauona wa Bi Rukia ukishuka, kama umetwikwa kitu kizito. Alikanda kwa mkono mmoja tu, shangazi akilia, mafuta yakinuka nyumba nzima. Alipomaliza akaondoka vile vile, mkono umepinda. Nilikimbilia dirishani. Alikwenda taratibu kichochoro kizima, mpaka akapotea konani.

Kuanzia kesho yake alikuja na mikono mitupu. Kila alasiri shangazi alipandisha vidole ukutani, nami nikitia alama ya mkaa pale vilipofika. Eda ilipokwisha alijifunga leso mwenyewe.

Mimi kwa miaka nilikataa kutumwa Bondeni, nikiamini ami yangu yumo nyumbani kwa yule mama. Nilipokua nikajiambia shangazi alikuwa amechanganyikiwa, na mkandaji akamfanyia ujanja. Sikumuuliza shangazi mpaka nilipokaa eda yangu mwenyewe, yeye akiwa bibi kizee pembeni yangu.

"Hata siku moja sikudhani yu hai," akanambia. "Nilijua kabla ya adhana. Lakini nyote mlinambia nimwache. Bi Rukia peke yake ndiye aliyenambia nimpe."

Nikaitazama ngumi yangu, iliyokuwa imefumbika tangu siku ya msiba wa mume wangu, kana kwamba bado imeushika mkono wake, nikaelewa. Shangazi alikuwa ameshanyoosha kiganja mbele yangu, anangoja.