Aliyesimama Nyuma ya Mdogo Wangu

Mama alikuwa ameambiwa kwamba mdogo wangu amefia Amerika. Aliongea naye kwenye simu na bado hakuamini; sauti tu haikumtosha. Alitaka picha, tena ambayo anaonekana mwili wote, amesimama kwa miguu yake.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nahudumia wazee katika makao yao huko Saint Paul, mji wa Amerika tulikoishi, na siku zangu za mapumziko nilizimalizia kupiga picha za wanyama. Basi nikamchukua mdogo wangu twende mbuga ya taifa kule kaskazini, karibu na Kanada, tukamtafute musi, mnyama mwenye umbo la paa lakini mrefu kuliko farasi. Mdogo wangu alivaa suti na tai. Kwetu picha ya kupeleka nyumbani haipigwi mtu akiwa na fulana.

Kutwa nzima tulipata kulungu, na ndege wa ziwani wanaolia kama mtu anayecheka peke yake. Musi hakuna. Jioni ukungu ukapanda kutoka ziwani, nikamsimamisha mdogo wangu mbele ya miti nimpige zile za mama.

"Sis, kuna mtu anapumua," akasema.

"Ni upepo. Usigeuke, ume-blink."

Hapakuwa na upepo. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Lakini giza lilikuwa limeingia, na kwenye kile kitundu cha kamera niliona shati lake jeupe tu. Nikapiga tena na tena hadi filamu ikaisha, tukaenda garini tukilalamika kwamba musi ametupiga chenga.

Picha ziliposafishwa nilizitandaza mezani. Katika ya kwanza, nyuma yake, macho mawili yaling'aa kwa mwanga wa flashi. Katika ya pili kilionekana kichwa. Katika ya mwisho pembe zilikuwa zimetanda juu ya mabega yake na pua imekaribia kola, naye anatabasamu vizuri kabisa.

"Hizi hatumtumii mama," akasema. Aliogopa, na mimi niliogopa kumshinda.

Nikampiga nyingine mchana kweupe, huko Apple Valley, mji wa jirani, mbele ya gereji ya binamu yetu. Ilipofika, nikampigia mama simu.

"Nimemwona, mwanangu. Yuko hai, Mungu asifiwe." Kisha akauliza, "Lakini mbona anatazama nyuma?"