Mama Mkwe na Sinia la Chipsi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya jogoo wa kukaanga. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nami nilikuwa bado kijana mwenye nywele kichwani, nimeamua kuipeleka familia yangu Tanga kwenye bustani ya michezo. Imenijia tena kwa sababu juzi ulipita hapa kwangu Kwamndolwa na mipango yako ya kuwapeleka watoto Dar es Salaam kwenye mabembea na mabwawa ya maji, ukaniuliza sisi tulifanyaje ili chakula kisitumalizie fedha. Ukaongeza kwamba mama mkwe wako naye atakuwemo safarini. Nilicheka, ukadhani nakucheka wewe, kumbe najicheka mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa fundi baiskeli karibu na stendi ya Korogwe. Nilikuwa na kibubu changu cha mbao, na kila jioni nilikitumbukizia kilichobaki baada ya unga na mafuta ya taa. Haba na haba hujaza kibaba, na kweli kilijaa, nikakivunja mbele ya mke wangu Zubeda kwa mbwembwe kama vile nimeua simba. Nauli ilitosha, na viingilio vilitosha. Kilichobaki kwa ajili ya kula kilikuwa kidogo, lakini sikutaka mtu ajue.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu mimi, maana bila hilo hutaelewa. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge kule Mazinde. Babu yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge, hakurudi tena kwao. Kambini kila mlango ulikuwa na kabila lake na dini yake, lakini jioni masinia yalitoka nje na sisi watoto tulikula popote tulipokuta chakula. Hakuna aliyekuuliza wewe wa nani. Nikakua nikiamini kwamba watu wanaokula sinia moja wanapendana, na wanaokula mbalimbali wana ugomvi. Ni imani nzuri, wala sijaiacha hadi leo.

Zubeda nilimuoa Handeni, kwa Wazigua wenye mashamba yao na misimamo yao. Mama yake alipoambiwa kwamba binti ameposwa na mtoto wa kambi, hakukataa wala hakukubali. Alinyamaza, na kimya cha mama yule kilikuwa kizito kuliko matusi. Tulioana, tukazaa, na bado hakuwahi kulala nyumbani kwangu. Basi nilipomtumia ujumbe kwamba nataka aje tufuatane na wajukuu zake Tanga, akajibu atakuja, nilihisi kama nimeposa upya na safari hii nimekubaliwa. Nilitaka arudi kwao akaseme kwamba mkwe wake ni mtu.

Alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, na jogoo aliyemchinjisha kwa ajili ya safari hiyo. Wewe unajua jogoo wa mama wa kijijini hachinjwi ovyo. Usiku ule alikula jikoni na binti yake, mimi nikala barazani, kama inavyotakiwa. Kwao mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Hawatazamani usoni, na neno lenye uzito hupitishwa kwa mtoto. Si chuki, ni heshima. Nami mila hiyo nilikuwa naijua jinsi unavyojua kwamba mto Pangani una mamba: umesikia, ila hujang'atwa.

Alfajiri niliwasimamia wote chumbani, saa mkononi, nikihimiza basi litatuacha. Watoto walikunywa chai wamesimama. Mama mkwe hakugusa kikombe, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Sikuliona hilo.

Tulipofika getini kule Tanga, mlinzi akafungua kikapu chetu, akasema kwa upole kwamba chakula cha nje hakiingii ndani. Lakini akatuonyesha kivuli cha mti wa mkungu ng'ambo ya barabara. Akasema tukishaingia tutagongwa muhuri mkononi, njaa ikituuma tutoke tule pale, kisha turudi bila kulipa tena, na kikapu yeye atatutunzia. Chini ya mkungu ule palikuwa na familia kadhaa zimetandika kanga, zinamenya mayai. Mwanangu, niliona aibu. Nikaona huo ni ushamba, watu kusafiri hadi mjini kuja kuchuchumaa barabarani na mihogo. Nikamwambia mlinzi kikapu chote achukue, ale yeye na wenzake. Nikasema kwa sauti, ili mama mkwe asikie, kwamba leo tutakula ndani kama watu wengine.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi jogoo mzima nilimwacha getini. Mama mkwe alijifunga kanga yake vizuri tu, akaingia.

Watoto walifurahi, hilo sikatai. Binti yangu Mwajuma alipanda kitreni mpaka dereva wake akamjua kwa jina. Adhuhuri njaa ikawashika, nikaenda dirishani kwenye chakula, nikasoma bei. Maji ya chupa tu yalikuwa na bei ya mlo mzima kule stendi kwetu. Nikasimama pale nikijidai nachagua. Kisha nikagundua kwamba sinia moja kubwa la chipsi na kuku lilikuwa nafuu kuliko sahani za mtu mmoja mmoja, nikajiona mjanja sana. Sinia moja, meza moja, familia moja. Ni kambini kabisa, nikasema moyoni.

Zubeda aliponiona nakuja na sinia lile aliniita pembeni. Akaniambia taratibu, "Baba Mwajuma, mama hawezi kula hapa. Chukua hata kisahani kidogo nimpelekee kule kwenye benchi."

Nikamjibu, "Sinia ni moja, Zubeda. Atakuja kula na wanawe."

Unaona, niliambiwa. Sikukosa kujua, nilikataa kujua. Sahani nyingine ilikuwa na bei yake, na juu ya bei nilikuwa na ile imani yangu ya kambini, kwamba leo ndiyo siku ya kuvunja ukuta. Nikamwita mwenyewe kwa adabu zote. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi amepakata nguo za watoto, akasema tule tu, yeye ameshiba. Nikamwita tena, akatikisa kichwa akitazama bwawa la kuogelea. Basi hapo moyo wangu ukaingia kisirani. Nikasema, kumbe bado hanitaki, hata chakula changu hakitaki. Nikala kwa hasira hadi sinia likawa jeupe, wala sikumwekea hata kipaja.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, mwanangu. Tulicheza hadi alasiri, na yeye alishinda kwenye benchi lile anakausha vichwa vya wajukuu.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Muheza kungoja abiria. Wachuuzi wakaleta machungwa madirishani, yaliyokwisha kumenywa, bei ya kutupa. Nikanunua mfuko, nikampa Mwajuma aliyekuwa amekaa na bibi yake kiti cha mbele yangu. Nikaona mkono wa mama mkwe ukiupokea mfuko ule. Aliuweka mapajani akaufunika kwa ncha ya kanga. Hakula. Baada ya kitambo Mwajuma akageuka akapiga magoti kitini, akanitazama.

"Baba, bibi anaomba ushuke kidogo ukamwangalizie mzigo wetu."

Nikamuuliza mzigo gani. Hatukuwa na mzigo. Kikapu tulikwisha kukigawa asubuhi.

Mtoto akafikiri, akaona amrahisishie bibi yake kazi. Akasema, "Anataka kula chungwa."

Nilishuka. Sijui nilishukaje, najua tu nilijikuta nyuma ya basi kwenye moshi, nimeshika mlango wa buti ambao haukuwa na kitu changu ndani. Ndipo nikapanga siku nzima upya kichwani, kuanzia kikombe cha chai cha alfajiri. Mtu mzima, mama wa mke wangu, hakuwa ametia kitu kinywani tangu usiku wa jana, na hakuwa amenichukia hata kidogo. Alikuwa ananiheshimu kwa namna aliyofundishwa na mama yake, na mimi nikaihesabu kuwa dharau. Nilipoinua macho kwa bahati mbaya nikamwona dirishani, kanga ameivuta hadi usoni, anakula chungwa la pili kwa haraka kama mtoto aliyeiba. Nikageuza uso. Mwanangu, nililia pale Muheza mchana kweupe, na wachuuzi wakadhani nimeibiwa.

Siku chache baadaye nilifunga safari hadi Handeni kwa mjomba wa Zubeda, Mzee Mhina, kaka yake mama mkwe, mtu ambaye mambo ya ukoo hupita kwake. Nilibeba kuku wawili. Nikamweleza yote, hata ile ya kipaja. Alisikiliza akiwa anasuka kamba, kisha akaniuliza kwa nini nimemfungisha dada yake na Ramadhani haijafika. Nilidhani atacheka, hakucheka.

Akasema, "Hukumnyima chakula, mkwe wangu. Ulimnyima pa kulia. Bora ungemnyima chakula, maana njaa ya mfukoni kila mtu anaielewa."

Nikajitetea kwamba fedha zilikuwa kidogo. Akaniambia fedha kidogo si aibu, na kubana matumizi ni akili. Ila mwenye kubana aanze na tumbo lake mwenyewe, na kabla hajaigusa sahani ya mwenziwe aulize kwanza. Kuuliza si ujinga. Halafu akawapokea kuku, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba dada yake amekwisha kuniulizia kama mimi ni mzima.

Likizo iliyofuata tulikwenda tena Tanga. Safari hiyo nilitoka nje ya nyumba mapema, nikakaa kwenye baiskeli zangu hadi wanawake na watoto wamalize kunywa chai na kushiba bada la moto, maana mtoto aliyeshiba ugali wa muhogo alfajiri hakusumbui na chipsi saa nne. Kikapu kilikuwa kizito kuliko mwaka uliotangulia. Getini alikuwepo mlinzi yule yule, akaniuliza kwa matumaini kama leo pia tunagawa. Nikamwambia leo atapata shingo. Tukaingia, tukacheza, na adhuhuri tukatoka na mihuri yetu mikononi kwenda kwenye mkungu. Zubeda akatandika kanga. Mimi nikachukua fungu langu la mihogo na kipande cha kuku, nikazunguka upande wa pili wa shina, nikawapa mgongo, nikala na mlinzi.

Nilisikia wanakula. Nilisikia mifupa ikivunjwa na mtoto wetu mdogo akigombania firigisi. Kisha Mwajuma akaja mbio akizunguka mti, mdomo unang'aa mafuta.

"Baba, bibi anasema nikwambie, jogoo wa leo tumemla wenyewe."

Na nyuma ya shina nikamsikia mama mkwe wangu akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu niingie ukoo ule. Hatukuwahi kula sahani moja mpaka Mungu alipomchukua, lakini tangu siku ile alikuwa akija Korogwe bila kualikwa, na hiyo ndiyo karamu niliyoitaka.

Basi swali lako la chakula jibu lake ndilo hilo. Washibishe kabla ya kutoka, fungasha kinachovumilia joto, piga simu mapema uulize getini wanaruhusu nini, na usione haya kukaa kivulini na mihogo yako, maana walio ndani nao wanalia na bei. Watoto wanunulie kitu kimoja kitamu cha ndani, wakakisimulie shuleni. Lakini kabla hujaamua wapi utabana, waangalie watu uliofuatana nao mmoja mmoja. Yupo asiyeweza kula haraka, yupo anayeona haya kuomba, na huyo mama mkwe wako, hata kama siku hizi mila zimelegea, mwache yeye ndiye aseme zimelegea. Akikwambia ameshiba, mwanangu, usifurahi upesi. Jiulize amekula wapi.

Nenda salama na rudini salama. Mungu akipe kikapu chako baraka, kiwatoshe wote na kibaki cha mlinzi. Akupe na macho ya kumwona mwenye njaa asiyesema, na miguu myepesi ya kushuka kwenye basi pale utakapoombwa.