Jumamosi za Jiwe la Chumvi

Mwezi uliopita nilirudi Buffalo kwa hasira, wala sitakuficha. Sikwenda kwa harusi wala kwa msiba. Baba mdogo alinipigia simu kutoka Kongo siku nne mfululizo, swali lile lile, nikiwa kazini katikati ya maboksi, mpaka nikaomba ruhusa, nikawapakia wanangu wawili garini na kuiacha Reynoldsburg, huku Ohio, nyuma. Saa tano na nusu za barabara, na mabinti wanauliza kila baada ya kituo cha mafuta kama tumefika.

Swali lenyewe lilikuwa hili: kaburi la babu liko wapi? Babu alizikwa kwenye milima iliyo juu ya Uvira, wakati watu wanakimbia vita. Aliyemzika ni bibi, pamoja na majirani ambao leo hakuna hata mmoja. Baba mdogo, kitinda mimba wao, alikuwa mtoto wa mgongoni. Sasa alikuwa ametoka kambini Burundi, amepata watu wa kumpandisha huko siku moja tu, Jumamosi, maana milima ile si ya kulala tena, na alitaka kuweka msalaba juu ya kichwa cha baba yake. Bibi mwenyewe amelala kaburini Buffalo, mwaka wa sita huu, na baba yangu alimtangulia. Mjuzi wa njia aliyebaki, eti, ni mimi.

Dada yangu wa Louisville alipigiwa kwanza. Akajibu bila haya kwamba yeye alikuwa akibaki nyumbani na televisheni, aulizwe aliyekuwa akitembezwa.

Kutembezwa, nilitembezwa kweli, rafiki yangu. Tulikaa Riverside, kule Buffalo, kwenye nyumba ya mbao yenye ngazi zinazolia, mitaa michache kutoka mto Niagara. Mama alikuwa akihudumia wazee usiku, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa ya kunyamaza. Bibi aliniamsha kwa kunivuta dole gumba. Naosha sufuria ya sombe, kisamvu chetu, ya jana, nafagia ngazi, halafu yeye anafunga kitenge juu ya koti la baridi, anaweka viazi vya moto viwili katika kila mfuko wangu, na tunatoka. Viazi vilikuwa vya kula, lakini kwanza vilikuwa vya kupasha mikono. Mpaka leo nikisikia harufu ya kiazi kilichochemshwa na maganda, vidole vyangu vinajikunja.

Lazima nikueleze alichofanya, kwa sababu sijamwona mtu mwingine wa kukifanya. Kiangazi chake cha kwanza Amerika alizunguka Riverside peke yake kila siku. Jirani yetu, mzee wa Kizungu aliyekaa barazani na mbwa wake, alidhani bibi amepoteza kitu, akawa anainama naye kutazama majani. Bibi alikuwa anatafuta njia. Alitaka njia inayokunja kama ile ya kwao, kutoka mlango wa nyumba yake ya milimani mpaka kaburi la mume wake, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto. Akaipata. Reli ikawa kijito cha kwanza. Jiwe kubwa la kijivu kwenye nyasi za bustani likawa jiwe la chumvi, lile ambalo kule kwao ng'ombe walilambishwa chumvi juu yake. Mti wenye mashina mawili, matawi yakiburura chini, ukawa kichaka cha mianzi. Mto Niagara, pamoja na ukubwa wake wote, ukawa kijito cha pili, na Kanada nzima kule ng'ambo ikawa kilima kimoja tu cha malisho.

Kila kituo alisimama na kunipima.

"Bon, hapa ni fasi gani?"

"Jiwe ya chumvi."

"Na maji iko upande gani?"

"Kushoto."

"Donc, tuendelee. Na usikimbie, weye! Njia haitoroke."

Wenzangu wa darasani walikuwa wanapita na baiskeli, wananiona nimesimama mbele ya jiwe nikijibu maswali kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nilikuwa na miaka tisa, kumi, kumi na moja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Siku moja nilimwambia aandikishe mambo yake kwenye karatasi, tupumzike sote. "Karatasi inapoteaka," akasema. "Sasa weye utapotea?" Mwalimu wangu alipotuambia tuandike kuhusu matembezi ya familia, niliandika kwamba huwa tunakwenda sinema.

Basi Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, kule kwa baba mdogo ikiwa mchana saa nane, nilisimama mbele ya ile nyumba yetu, ambayo sasa imepakwa rangi ya bluu mbaya. Simu mkononi, mabinti nyuma yangu wamekunja nyuso. Ilibidi miguu inikumbushe, maana kichwa kilikuwa kimegoma tangu Reynoldsburg.

Reli ipo. Jiwe halipo! Wamelitoa, wamepitisha njia ya baiskeli palepale, na kibao cha kueleza mambo ya ndege. Nilizunguka kwenye nyasi nikisema na nafsi yangu, na binti mkubwa akaniambia kwa Kiingereza kwamba watu wanatutazama. Acha watazame. Mti umebaki shina moja. Lakini kona zilikuwa zilezile, na kila nilipokunja nilikumbuka kitu, nikamtumia baba mdogo ujumbe wa sauti: vuka kijito, shika kulia, pita jiwe, mianzi iache mkono wa kushoto, shuka mpaka maji. Majibu yake yalikuja yamekatikakatika na upepo. Jiwe alilipata. Mianzi imekatwa, ila visiki vinaonekana. Baada ya dakika arobaini akanitumia tena, sauti ikihema: "Niko ku kona ya maji, mutoto yangu. Bon, sasa naenda wapi? Hawa watu wanasema tukawie kidogo tu, tutashuka."

Nami nilikuwa kwenye kona ya maji. Mto unapita kwa kishindo kile kile, mabata bukini wanagombana. Na hapo, rafiki yangu, njia ikaniishia. Kwa sababu kwenye kona ile kuna bembea. Kila Jumamosi, tukifika pale, niliuponyoka mkono wa bibi nikakimbilia bembea, na yeye aliachwa amalizie peke yake. Miaka mitatu ya Jumamosi, na kipande cha mwisho sikukisikiliza hata mara moja. Nilijikasirikia mpaka nikapiga teke kibao kingine cha ndege.

Nikaenda kukaa kwenye bembea, mtu mzima na makalio yake, minyororo inalia. Nikatazama mahali alipokuwa akisimama. Ndipo nikamwona. Kila mtu hufika pale kutazama mto, wana kamera, wana watoto mabegani. Bibi aliupa mto mgongo. Alitazama juu, kwenye mtelemko wa nyasi usio na lolote, na midomo yake ilikuwa ikienda. Nilidhani ni sala.

"Yape maji mgongo," nikamwambia baba mdogo. "Panda moja kwa moja."

Nilingoja. Mabinti walikuwa wamekwisha kuzichukua bembea nyingine mbili, wanashindana nani atafika juu zaidi. Niliona robo saa ile kuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Ohio. Kisha simu ikatetemeka. Baba mdogo analia na kucheka pamoja, nyuma yake watu wanaimba wimbo wa kanisani haraka haraka, kama watu wanaotaka kuondoka.

"Tumemupata! Mawe iko palepale, yote, haikutawanyika. Asante, mutoto yangu, asante sana." Halafu upepo. "Donc, na kale kakaburi kadogo ka pembeni yake, ni ka nani? Mama alikuambiaka?"

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi tangu nirudi. Mama yangu nimemuuliza, hajui. Aliolewa katika ukoo ule baadaye, kambini. Dada wa Louisville hajui. Baba mdogo ameweka msalaba mmoja, kwa kuwa alipanda na mmoja. Namshukuru Mungu kwa ule mmoja, nami nakasirika nikiufikiria.

Midomo ya bibi ilikwenda muda mrefu pale kwenye kona, mrefu kuliko anavyohitaji marehemu mmoja. Jina la yule mdogo lilitajwa kila Jumamosi, hatua ishirini kutoka kwenye bembea yangu, nami nilikuwa nikipiga kelele kwamba aharakishe, nasikia njaa.