Damari, Mwanamke Aliyekatazwa Kupanda Mti

Ukungu bado umelala mabondeni, lakini Damari Lutengano ameshachimba shimo la tatu. Anapiga jembe, anainama, anachomoa mawe kwa mkono na kuyatupa kando. Chini ya mgomba imepangwa miche ya parachichi ndani ya viriba vyeusi.

"Usiikanyage hiyo, baba," anamwonya mwandishi. "Nimeingoja tangu Mercy hajaolewa, na sasa ana watoto wawili."

Mercy ni binti yake, anaishi Mlandege, Iringa. Shamba ni hili hapa, ekari moja na nusu kwenye mlima juu ya Uyole. Viazi vyake ndivyo vilivyomsomesha Mercy na kuezeka nyumba kwa bati. Miaka yote hiyo Damari amelima, amepalilia, na amegombana na madalali wa lumbesa, wale wanaojaza gunia mpaka linavaa kilemba halafu wanalilipia kama gunia la kawaida.

Kupanda alichotaka mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Katika milima hii, mwenye kupanda mti ndiye anayehesabika mwenye ardhi. Basi mwanamke aliyeolewa huachiwa viazi, mahindi na maharage, vitu vya kung'olewa msimu ukiisha. Miti ni ya wenye ukoo.

"Unaambiwa lima, ule, ushibe, unyamaze," anasema Damari, na anacheka kicheko kisicho na furaha.

Mumewe, Lutengano, alipofariki, shemeji yake Asukile alimwacha aendelee na viazi. Damari akajaribu miche michache ya parachichi. Asubuhi akaikuta imeng'olewa na kulazwa njiani. Viazi vilivyokuwa pembeni yake havikuguswa hata kimoja.

"Hapo ndipo nilipolia. Wangeng'oa vyote ningesema ni wezi tu."

Kisha ikaja masika iliyopita. Asukile akatangaza kwamba shamba ni lake, kwamba marehemu alikuwa ameazimwa tu, na kwamba sasa analikodisha kwa mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa. Na huyo mfanyabiashara alitaka kupanda nini? Parachichi! Jamani, kuna watu hawaoni haya.

"Nikasema leo ni leo, asemaye kesho mwongo," Damari anakumbuka. "Ningelala ndani, ningekula wapi?"

Sheria ya ardhi ya vijiji inamtambua mwanamke sawa na mwanamume, ila kutoka kwenye sheria mpaka kwenye tuta la viazi kuna mlima wa kupanda. Damari akaupanda. Alipeleka shauri lake kwenye baraza la kijiji, na Asukile akaja na koti lake la kanisani, ametulia kabisa.

"Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, namheshimu," Asukile aliwaambia wazee. "Lakini nionyesheni mti wake hata mmoja mle shambani. Au wa kaka yangu."

Watu wakaguna. Kweli, mti haukuwepo. Damari akasimama, akaomba kuuliza.

"Shemeji, ile miti ya milingoti iliyojipanga pembeni ya shamba kapanda nani?"

"Mimi. Kila mtu anajua."

"Uliipanda ya nini?"

"Ya mpaka! Matuta yenu yalikuwa yanaingia kwangu."

"Mpaka wako na nani, shemeji?"

Akina mama waliokaa nyuma walipiga vigelegele, wazee wakawanyamazisha bila kuzuia vicheko vyao wenyewe. Kwa mila ileile aliyoitegemea Asukile, hakuna mtu anayepanda miti ya mpaka katikati ya shamba lake. Baraza likasema shamba lilikuwa la Lutengano, na sasa ni la mjane wake.

Mazungumzo yanakatika. Mwanamke mwembamba anapita katikati ya milingoti, ndoo ya maji kichwani. Ni Esnath, mama Philbert, mke wa Asukile.

"Ile milingoti niliipanda mimi, yeye alikuwa anaelekeza tu," anasema akitua ndoo. "Lakini hujasikia mtu akisema ni ya Esnath."

Damari anamwonyesha shimo la mwisho, lililo mbali kidogo na mengine. Hilo amemchimbia yeye. Mwandishi anamuuliza kama haogopi: kwa mila ya hapa, si Esnath atakuwa na haki ya kudai sehemu hiyo ya ardhi?

"Najua sana maana yake," anajibu Damari. "Ndiyo maana nikampa. Na Mercy akija Krismasi, naye atapanda wake kwa mkono wake. Sitaki mwanangu aje kutafuta mti wake asiuone."

Esnath amepiga magoti. Anachana kiriba taratibu, anautua mche shimoni, kisha anainua uso.

"Kwa hiyo huu ni wangu?"

"Ni wako, mama Philbert. Fukia mizizi, jua linatoka."